Siku Tisa za Pampu Nzima

Katika jengo lile la ghorofa nne, jina lake halisi walilijua watu wawili tu, yeye mwenyewe na mkewe. Wengine wote, wadogo kwa wakubwa, walimwita Bomba. Na kwa kuwa neno hilo hilo vijana hulitumia kusifia kitu kizuri, hakuwahi kulikataa. "Kuna watu wameitwa vibaya zaidi," alikuwa akisema, "na hata maji hawaleti."

Kazi yake ilikuwa kupandisha maji. Maji ya mji yalifika pale kwa unyonge, yakichuruzika hadi kwenye tangi lililochimbiwa chini ya ua na kuzibwa kwa zege, lisilochoteka kwa ndoo, na hapo yakakoma. Nguvu ya kupanda hayakuwa nayo. Kutoka tangi hilo pampu ndiyo iliyoyasukuma hadi kwenye matangi mawili ya paa, kisha yakashuka yenyewe kwenye majiko na mabafu ya watu. Pampu ilikaa kwenye kichumba chini ya ngazi. Chumba cha Bomba na mkewe kilipakana nacho ukuta kwa ukuta, hata kitanda kilitetemeka kidogo kila ilipowashwa. Mabinti zao wawili walilelewa humo, wakaolewa wakitokea humo.

Alikuwa amefika hapo akiwa kibarua wa zege, kijana wa miaka thelathini, wakati mama mwenye nyumba alipokuwa anatengeneza paa. Siku moja bomba likapasuka, fundi aliyeitwa akachelewa, na yule kibarua akalifunga kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Mama mwenye nyumba akamtazama, akamkabidhi ufunguo wa kichumba. "Kuanzia leo maji ni yako," akamwambia. "Yakikosekana, najua mlango wa kugonga." Hawakuandikiana chochote. Mkataba wao ulikuwa salamu ya kila asubuhi, na ulidumu miaka ishirini na minane, mpaka mama yule akafa na watoto wake wakaliuza jengo kabla hawajamaliza kugawana vyombo vyake.

Mtaa wenyewe ulikuwa umeshaanza kugeuka. Fundi viatu wa pembeni aliondolewa, pakawekwa duka la kuuza mimea ya ndani ya nyumba. Pale palipokuwa na mashine ya kusaga palifunguliwa mkahawa ambao kahawa yake iliuzwa katika vikombe vidogo kama vya kupimia dawa ya kikohozi. Barabara ikatandikwa matofali mekundu, na waliotandika waling'oa bomba la maji la mtaani, eti linaharibu sura. Majengo ya jirani yalipakwa rangi ya kijivu moja baada ya jingine, na kila lililopakwa lilikuwa na watu wapya wiki iliyofuata. Watu wazuri, wenye salamu. Ila hawakujua kwamba kabla yao palikuwa na mtu.

Mnunuzi wa jengo hakuonekana. Aliyeonekana ni meneja wake, kijana mwenye sauti laini na viatu visivyochafuka. Familia tatu zilihama mwezi wa kwanza tu. Kumi na moja zilibaki, kwa sababu mikataba yao ya zamani ilikuwa bado na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Sheria ilimkataza mwenye nyumba kuwatoa kabla ya hapo. Haikumkataza kuwachosha.

Asubuhi moja Meneja akamwita Bomba kwenye chumba alichokifanya ofisi.

"Keti, mzee wangu. Ile pampu, hali yake ikoje?"

"Ngangari, bosi. Ukiitunza itatuzika sote."

Meneja alitabasamu. "Hapo ndipo penye tatizo. Mimi nataka iungue."

"Iungue?"

"Si kuungua kweli. Iungue mdomoni tu. Ukiulizwa, sema imeungua, kipuri kimeagizwa, tunasubiri. Basi."

Bomba alidhani anataniwa. Akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Na watu wa juu watatumia nini?"

"Mzee wangu, hakuna aliyewafunga kamba. Wiki ijayo mkaguzi wa mji anakuja. Nyumba isiyo na maji haifai kukaliwa na binadamu. Ataandika hivyo, na hapo mikataba yao inakuwa karatasi ya kufungia maandazi." Aliegemea mbele. "Jengo likishatengenezwa upya, wewe ndiye mkuu wa mafundi. Nguo za kazi, chumba kipya. Lakini hiki unachokaa sasa... mkataba wake uko wapi? Maana nimetafuta kwenye faili, sijauona."

Bomba akaitikia kwa kichwa. Siku zilizofuata alijaribu kujiambia kwamba kichwa si mdomo, kwamba yeye hakutamka ndiyo. Lakini kichwa kilichoitikia kilikuwa chake, hakukiazima kwa mtu.

Akaingia kichumbani, akachomoa fyuzi tatu, akazitia mfukoni mwa suruali. Pampu ikanyamaza.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Nesi, wa ghorofa ya nne, aliyeishi na mama yake mzazi. Mama yule alikuwa amepooza upande mmoja miaka miwili sasa, mtu wa kugeuzwa, kuoshwa na kubadilishiwa mashuka. Nesi alishuka na ndoo mkononi, bado amevaa sare za kazini.

"Bomba, leo umetusahau huko juu?"

"Pampu imeungua, dada. Kipuri kimeagizwa."

"Masikini! Pole na kazi," Nesi akasema, akageuka kwenda kutafuta maji.

Ile pole ilimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Angetukanwa, angejua la kufanya.

Hakuna aliyemshuku. Mtu ambaye hajakudanganya miaka ishirini na minane, utamshuku kwa lipi? Maji ya karibu yalikuwa mahali pa kuoshea magari, nyuma ya kituo cha mafuta, mwendo wa dakika kumi, na kurudi na ndoo ni dakika ishirini. Ngazi zililowa tangu chini hadi juu. Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya tatu, mwenyekiti wa wapangaji, alikuwa akipumzika kila kituo cha ngazi huku akifanya hesabu kwa sauti: ndoo moja lita ishirini, ngazi sitini na nne, goti moja bovu, tafuta jibu. Watu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu hakucheka mtu, na Mwalimu mwenyewe aliacha hesabu.

Bomba na mkewe walikuwa na maji. Bomba la chumba chao lilikuwa chini, na yale maji manyonge ya mji yalilifikia bila kusukumwa. Mkewe hakusubiri kuambiwa. Aliufungua mlango, na foleni ikajipanga hadi uani. Alikuwa mwanamke wa kazi, mfagiaji wa ngazi za jengo hilo hilo, mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi. "Leteni, leteni, maji si ya mtu," aliwaambia. Bomba alikaa kitandani akiangalia ndoo zikijaa polepole, kila moja dakika saba, na kila aliyetoka alimshukuru.

Siku ya nne Meneja aliiona ile foleni. Hakusema kitu mbele za watu. Alimpita Bomba mlangoni, akamnong'oneza bila kusimama: "Funga na hilo."

Akalifunga. Kulikuwa na vali ya kufungia maji chini ya kifuniko cha chuma uani. Aliizungusha mara mbili na nusu, akijifanya anakagua. Mkewe alirudi kutoka kufagia akakuta bomba linakoroma bila kutoa tone.

"Na huku tena?"

"Labda mji wamekata."

Mkewe alilitazama bomba, kisha akamtazama yeye, akachukua ndoo akaenda kituo cha mafuta na wenzake.

Tangu hapo Bomba alikaa roho juu. Akisikia hatua kwenye ngazi anasimama. Akisikia jina lake anashtuka. Siku ya tano, alasiri, Mwalimu aligonga mlango akiwa na kijana mnene mwenye sanduku la vifaa.

"Bomba, nimekuletea ukombozi! Huyu nilimfundisha hesabu, sasa ni fundi wa mota kiwandani. Hatoi bili. Anataka kuiona tu pampu, pengine inatengenezeka hapa hapa bila kipuri."

"Haraka tu, mzee," kijana akasema. "Dakika tano nitajua ilipoungulia."

Dakika tano! Asingehitaji hata mbili. Angefungua kisanduku cha umeme, angeona nafasi tatu tupu. Bomba alijisogeza mpaka mgongo wake ukagusa mlango wa kichumba.

"Ufunguo anao Meneja."

"Meneja?" Mwalimu alikunja uso. "Tangu lini? Ufunguo huo umekaa kiunoni mwako tangu nywele zangu nyeusi."

"Aliuchukua. Mambo ya bima, sijui."

Ufunguo ulikuwa mfukoni, pamoja na zile fyuzi. Bomba alisimama kama aliyemeza mti, akiogopa hata kupumua, maana aliona kama zingegongana zikalia. Mwalimu alimwangalia kwa muda ule ambao walimu humtazama mtoto aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Kisha akasema taratibu, "Basi, tutamwomba Meneja," wakaondoka. Shati la Bomba lilikuwa limegandana na mgongo.

Siku ya sita mkewe alifua. Maji aliyoyabeba mwenyewe, nusu beseni, hivyo alifua yale ya lazima tu, na suruali ya kazi ilikuwa ya lazima. Bomba alipoingia alimkuta amekaa kwenye kigoda, fyuzi tatu zimepangwa mapajani juu ya kanga.

"Baba watoto, hivi ni vitu gani?"

Angeweza kusema ni vipuri vibovu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Lakini miaka thelathini ya ndoa hufundisha lini mtu anauliza na lini anajua.

Akamwambia yote: ofisi, mkaguzi, vali ya uani, chumba. Alisema hasa habari za chumba. "Nina miaka hamsini na nane. Tukitolewa hapa tunakwenda wapi? Kwa waume wa mabinti zetu? Kwa dada yako, tulale sebuleni?"

Mkewe hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Kwa hiyo ndoo zote nilizobeba, nilikuwa nabeba uongo wako."

"Nilifanya kwa ajili yetu."

"Mimi usiniweke humo. Sikuulizwa." Alizikusanya zile fyuzi, akazisukumia upande wake mwenyewe wa kitanda. "Sitakusema kwa mtu. Chakula nitakupikia, nguo nitakufulia. Maneno sina."

Na kweli hakuwa nayo. Mwanamke aliyekuwa akizungumza hata na ufagio alinyamaza siku tatu.

Siku ya saba walimteremsha mama yake Nesi. Watu wanne walimbeba kwa shuka, ngazi kwa ngazi, huku Nesi akienda mbele kinyumenyume akishika kichwa cha mama yake. Vidonda vya kulala vilikuwa vimefunguka, na homa imepanda. Mtu wa kuoshwa mara mbili kwa siku alikuwa akipanguswa kwa kitambaa. Walipita mbele ya mlango wa kichumba. Mama yule, mdomo umepinda, alimwona Bomba akajaribu kumsalimu. Alikuwa mtu wa adabu tangu zamani. Bomba aliitikia "marahaba" kwa kuchanganyikiwa, yeye aliyekuwa mdogo, akajiuma ulimi. Shikamoo yenyewe ikamtoka mgonjwa akiwa ameshafikishwa barabarani.

Jioni ile alishika ufunguo, akasimama mbele ya kichumba. Alisimama muda mrefu. Kisha akafikiri: zimebaki siku mbili tu. Akarudi ndani. Baadaye, kila aliposimulia habari hizi, hilo ndilo alilolitamka kwa shida kuliko yote. Si kwamba aliitikia kwa kichwa ofisini, bali kwamba alimwona yule mama, akaelewa, na bado akarudi ndani.

Mkaguzi alikuja siku ya tisa, saa nne asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye faili kwapani na miwani inayoning'inia kwa kamba. Wapangaji walijaa ngazini, kila mmoja na ndoo tupu, kama walioambizana. Meneja alimtembeza kama mwenyeji wa harusi.

"Kama unavyoona, mama, jengo limechoka. Pampu imekufa, kipuri hakipatikani. Kwa usalama wao wenyewe..."

"Siku ngapi?" Mkaguzi akauliza.

"Tisa!" walijibu watu wa ngazini kwa mpigo.

Mkaguzi aliandika. Mwalimu akaanza kusema habari za mikataba, lakini mama yule aliinua kalamu. "Mzee, mikataba si kazi yangu. Mimi naangalia kama nyumba inafaa kukaliwa. Haina maji, haifai. Mengine mtakwenda kwenye baraza la nyumba." Akageuka. "Fundi wa pampu ni nani?"

Meneja akamwonyesha Bomba kwa kidole, kwa upole, kama anayemkaribisha mtu mezani. "Mzee wetu huyu hapa. Mweleze, mzee wangu, ina tatizo gani."

Bomba aliona nyuso zote. Aliona Mwalimu anamtazama. Aliona Nesi, aliyetoka hospitali kuja kuchukua nguo za mama yake, amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, macho mekundu. Mkewe alisimama kando na ufagio, akitazama sakafu.

"Haina tatizo," Bomba akasema.

"Unasemaje?"

"Ni nzima, mama. Ilikuwa nzima siku zote tisa. Niliizima mimi. Niliambiwa niizime."

Mngurumo ulipanda ngazini. Meneja alicheka. "Mzee amechanganyikiwa, ni uchovu. Pampu imekufa, kila mtu anajua."

"Kama ni nzima," mkaguzi alisema, akivaa miwani, "iwashe niione."

Bomba alifungua kichumba. Mkewe alikuwa ameshafika ubavuni pake. Akampa zile fyuzi bila neno, zikiwa na joto la mkono wake. Akazipachika moja, mbili, tatu. Akanyanyua swichi. Mota ikaamka kwa kishindo, na watu wakapiga ukelele. Lakini mlio haukuwa wenyewe. Ulikuwa mwembamba, mkavu, na mshale wa kipimo ulilala kwenye sifuri. Ilizunguka bure. Hakuna kilichopanda.

"Si nilisema?" Meneja alijibu kabla hajaulizwa, na sauti laini ikapata makali. "Andika, mama. Imekufa."

Mkaguzi alishusha kalamu kwenye karatasi.

"Subiri!" Bomba alizima. Jasho lilimwingia machoni. Siku tisa kavu. Maji ya ndani ya pampu yalikuwa yamerudi chini, ikabaki inameza upepo. Ilihitaji kunyweshwa kwanza, ndipo ivute. "Nahitaji maji. Ndoo moja. Mwenye maji!"

Na katika jengo zima hakuna aliyekuwa nayo. Walikuwa wameshuka na ndoo tupu ili kumwonyesha mkaguzi. Walitazamana. Mkewe akatupa ufagio, akakimbilia uani, akaondoa kile kifuniko cha chuma. "Mara ngapi?" alipiga kelele. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa siku tatu.

"Mbili na nusu! Kushoto!"

Bomba la chumbani likakohoa, likatema kutu, likaanza kuchuruzika. Ndoo dakika saba. Mkaguzi alitazama saa. Meneja alikuwa kwenye simu, amewapa mgongo. Ilisikika michirizi ile tu. Nusu ndoo ilipotimia Bomba hakungoja zaidi. Alifungua kizibo cha juu ya pampu kwa spana, mkewe akamimina, maji yakaingia, mapovu yakatoka, akamimina tena mpaka yakafurika. Akakaza kizibo. Akanyanyua swichi.

Ule mlio mkavu tena. Sekunde kumi. Ishirini. Kisha ukazama, ukawa mzito, mshale ukaruka, na mabomba ya ukutani yakagonga kutoka ghorofa hadi ghorofa kama mtu anayepanda ngazi na buti.

Mkaguzi aliyafuata maji mwenyewe hadi juu ya paa, akaweka mkono chini ya maji yanayoingia tangini. Aliposhuka alifuta mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaandika mingine mingi. "Utarudia maneno yako mbele ya baraza?" alimwuliza Bomba. Akasema atarudia.

Hakuna aliyembeba mabegani. Watu walimpita na ndoo zao tupu wakipanda kufungua mabomba. Wengine walimgusa bega, wengine walimtemea mate karibu na miguu. Mwalimu alisema tu, "Kumbe ufunguo ulikuwa nao," akaenda zake akishikilia goti. Nesi alisimama mbele yake.

"Siku tisa, Bomba."

"Dada, mimi..."

"Nilikupa pole," akasema, akaondoka na mfuko wa nguo.

Aliyarudia maneno yake mbele ya baraza, na baraza likaamua kwamba wapangaji wakae mpaka mikataba iishe. Wakakaa, mwaka mmoja na miezi minne, na maji hayakukatika. Yeye hakuwepo kuyaona. Barua ya kumtoa ilifika wiki ile ile ya ukaguzi, ikimpa siku kumi na nne, na kwa kuwa hakuwa na karatasi yoyote, hapakuwa na wa kumtetea. Walikwenda kwa dada wa mkewe, ukingoni kabisa mwa mji, wakalala sebuleni kweli. Mkewe alirudisha maneno yake yote na ya ziada. Bomba akapata kazi kwenye shule ya huko, kutunza kisima. Mikataba ilipokwisha familia zile kumi na moja nazo zilitawanyika, jengo likapakwa kijivu, na wakaingia watu wenye salamu.

Siku moja shinikizo la damu lilimpeleka kwenye zahanati ya kule ukingoni. Aliyeita jina lake mlangoni aliliita lile halisi, kama lilivyoandikwa kwenye kadi, na aliponyanyua macho alikuwa Nesi. Alikuwa amehamia upande ule yeye pia. Kodi ya mjini haikushikika tena. Alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha. Bomba akauliza hali ya mama.

"Alifariki mwaka jana. Si vile vidonda, vilipona. Moyo tu."

"Dada, sikuwahi kukuomba msamaha vizuri."

Nesi alikuwa anabonyeza kile kimpira, macho kwenye kipimo. Akaacha.

"Mimi bado sijafika huko," akasema. "Siku moja labda. Sasa legeza mkono, unaukaza. Ukiukaza, kipimo kinadanganya."

Bomba akajaribu kuulegeza.